Kanda zako za MiniDV bado nzima, tatizo ni ule waya wa njano

Kuna watu wananiletea kanda wakiwa washazunguka nusu ya mji na stori zao karibu zote ni moja. Alienda kwa fundi, fundi akachomeka zile waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, upande mmoja kwenye kamera upande wa pili kwenye kidude cha USB, baada ya muda akapewa DVD au faili kwenye flashi, kufika nyumbani picha imefifia, nyekundu ya nguo imemwagikia hadi kwenye shavu la bibi harusi, watu wakicheza wanaburuza michirizi nyuma yao, akirudi kulalamika anaambiwa kanda imeshachoka mama, si unajua ni ya zamani. Anakubali, analipa, anaondoka. Mi nimechoka kusikia kanda zinasingiziwa. Kanda hiyo hiyo ukiitoa kwa njia yake inatoka vile vile ilivyorekodiwa siku ya shughuli, hata kama ni miaka ishirini imepita, na kama imeharibika kweli itakuonyesha imeharibika wapi, haitafifia.

Hapo ndo watu wanapochanganya na VHS. VHS ni mawimbi, inachakaa taratibu, kila ukikopi unapoteza. Hizi kanda ndogo za MiniDV, zilizoingia sokoni mwaka 1995 na kamera kama Sony DCR-VX1000, zimeandikwa namba tupu, na mfumo huo wa namba ndo unaitwa DV. Utepe wenyewe ni mwembamba, milimita 6.35, ndani ya kamera kuna ngoma ndogo inazunguka mara 9,000 kwa dakika, imebeba vichwa viwili, na kila fremu, yaani picha moja kati ya zinazopita, ya PAL, mfumo wa TV wa kwetu, inaandikwa kwa mistari 12 ya mshazari. Fremu 25 kwa sekunde mara 12 ni mistari 300, na ngoma inazunguka mara 150 kwa sekunde, kila mzunguko vichwa viwili, jibu ni 300 hiyo hiyo. Mi hesabu hii huwa inanifurahisha sijui kwanini. Na kila fremu ina baiti 144,000, haizidi haipungui, urekodi ukumbi umejaa watu au urekodi ukuta. Zidisha kwa 25 unapata megabaiti 3.6 kwa sekunde, lisaa limoja ni gigabaiti 13 kasoro kidogo.

Kwa hiyo unapoitoa kanda ya DV kwa waya wake, kompyuta inapokea zile baiti 144,000 kama zilivyo na kuziweka kwenye faili, basi. Unakopi tu. Ukipitisha waya wa njano, kamera inazisoma namba, inazigeuza kuwa mawimbi, mwanga na rangi vinasukumwa pamoja ndani ya waya mmoja, kidude cha USB kinapokea kinajaribu kuvitenganisha, kinavigeuza tena kuwa namba, halafu kinazikandamiza upya ili zipite. Ni sawa na mtu ana barua kwenye flashi, badala ya kuikopi anaiprinti, anaipiga picha na simu, halafu anakutumia ile picha kwa WhatsApp. Barua utaisoma, ila si ndo ile.

Waya wenyewe ni fayawaya. Kwenye vitabu ni IEEE 1394, Apple wanaita FireWire, Sony wanaita i.LINK, kwenye kamera nyingine utakuta kitundu kimeandikwa DV tu, vyote ni kitu kimoja. Kwenye kamera ni kile kitundu kidogo chenye pini nne, mara nyingi kimefichwa chini ya kifuniko cha mpira pembeni. Kwenye kompyuta kinaweza kuwa hicho hicho cha pini nne kwenye laptopu za zamani, au kikubwa cha pini sita kwenye desktopu, au cha pini tisa kwenye Mac. Waya zipo za mchanganyiko wote huo, we angalia tu pande zote mbili kabla hujaenda dukani. Na tafadhali, zima kamera kabla ya kuchomeka. Wanasema fayawaya unachomeka vitu vikiwa vimewaka na ni kweli iliundwa hivyo, lakini kile cha pini sita kinabeba umeme na ukilazimisha kukichomeka kichwa chini unaunguza kitundu cha kamera, na hicho kikiungua hamna spea.

Sasa mitego. Mtego wa kwanza ni USB ya kwenye kamera. Kamera nyingi za DV zina kitundu cha USB, mtu anachomeka, kompyuta inalia kengele, anafurahi, anafungua anakuta folda ya picha mbili tatu za mnato, video hamna. Ile USB kwenye kamera nyingi iliwekwa kwa ajili ya picha zilizopigwa kwenye memori kadi, au kuitumia kamera kama webkamu yenye picha ya ovyo. Zipo chache zilizotoa DV kamili kwa USB lakini usitegemee. Mtego wa pili ni waya unaouzwa bei poa, upande mmoja fayawaya upande mwingine USB. Huo waya haufanyi kazi hii hata uufanyie dua, maana hizo lugha mbili hazielewani na ndani ya waya hamna kitu cha kutafsiri, ni nyaya tu zimeunganishwa. Usinunue. Ukishanunua usimlaumu muuza duka, hata yeye mwenyewe hajui.

Kinachotakiwa ni kompyuta yenye fayawaya ya kweli, na hapa ndo ugumu unapoanza maana kompyuta mpya hazina kabisa. Njia rahisi kwa hapa Dar ni desktopu used, zile za ofisini zinazouzwa Kariakoo, unaweka kadi ya fayawaya kwenye sloti ya PCI au PCI Express. Ukipata yenye chipu ya Texas Instruments chukua, hizo huwa hazina maneno mengi. Njia ya pili ni laptopu ya kati ya 2003 na 2010, nyingi zilikuwa na kile kitundu cha pini nne ubavuni na mwenye nayo hata hajui ni cha nini. Kuna laptopu ziko uvunguni kwa watu, betri imekufa, bawaba imevunjika, wanasubiri kumpa mtoto achezee, na hizo hizo ndo zinafaa kazi hii kuliko ya milioni tatu.

Wa Mac nao wana yao. Apple ndo waliosukuma hii teknolojia, mwaka 1999 walitoa iMac DV na programu ya iMovie, mtu anachomeka kamera anaediti nyumbani kwake, ilikuwa ajabu kipindi kile. Na wao wenyewe ndo wanaoizika. Mac za miaka ya karibuni watu walikuwa wanaunganisha adapta, Thunderbolt ya umbo la USB-C kwenda Thunderbolt ya zamani, kutoka hapo kwenda fayawaya ya pini tisa, kutoka hapo kwenda pini nne, mlolongo wa adapta mezani unaning'inia, ila ulikuwa unafanya kazi. Kwenye macOS 26 iliyotoka 2025 wameondoa fayawaya kabisa. Kwa hiyo kama una Mac inayofanya kazi hii leo, usikubali ile apdeti inayokusumbua kila asubuhi mpaka umalize kanda zako.

Windows 10 bado inakubali, ila draiva ya kawaida ya 1394 wakati mwingine inaleta ubishi, kamera haionekani au inaonekana halafu inaganda. Dawa yake ni draiva ya zamani ambayo Microsoft waliiita "legacy", unaisakinisha, unaingia Device Manager, unaichagua kwa mkono. Baada ya hapo natumia WinDV, kiprogramu cha bure kidogo sana, sura yake mbaya kama ya 2003 maana ni ya enzi hizo kweli, ila kazi yake inafanya bila kubishana na mtu. Kwenye Linux kuna dvgrab, unaandika amri moja, inakukatia na vipande. Ukitumia ile Windows Movie Maker ya kwenye XP, angalia sana, chaguo wanalokupendekezea kwanza ni kukapcha, yaani kuingiza video kwenye kompyuta, kwa WMV, yaani inakandamiza palepale. Shuka chini uchague DV-AVI, inayoziacha zile baiti kama zilivyo. Nimeona kazi nyingi za watu zimeharibikia kwenye hicho kitufe kimoja, waya walitumia sahihi, kompyuta sahihi, halafu faili likatoka ugali.

Na diski iwe imefomatiwa NTFS. Ikiwa FAT32, faili haliwezi kuzidi gigabaiti 4, na kwa DV hiyo ni kama dakika 19, ikifika hapo inakata katikati ya hotuba ya mwenyekiti wa kamati.

Nitoe mfano wa kazi moja ili ieleweke. Mama mmoja wa Magomeni alikuja na kanda za send-off ya binti yao mkubwa, baadhi zilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga limefungwa vizuri, nyingine imetoka kwenye droo ya kabati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo? Nimeambiwa we ndo unazijua hizi."

"Nazijua kiasi. Kamera yenyewe ipo?"

"Kamera alikuwa nayo mjomba wao, alishaiuza zamani."

DVD ya shughuli wanayo tangu siku hizo, studio iliwapa. Tatizo studio walivyoediti, kile kipande ambacho baba yao anatoa nasaha kwa binti walikifanya slomosheni, wakaweka maua yanazunguka pembeni na wimbo juu yake, sauti ya mzee haipo hata neno moja. Unamuona anaongea, mkono umeshika maiki, mdomo unatembea taratibu, na unachosikia ni kinanda. Mzee ametangulia. Familia miaka yote hiyo wanajua alisema nini kwa kuhadithiana. Bahati yao yule mjomba alikuwa bahili wa aina nzuri, kanda alinunua mwenyewe na baada ya studio kumaliza alidai arudishiwe, maana studio nyingi kanda zilikuwa zinarudi kazini, wiki hii harusi yako, wiki ijayo ubatizo wa mwingine unarekodiwa juu yake. Ukiwa umebaki na DVD ya studio tu, ujue una kazi iliyokwisha editiwa na mtu mwingine kwa ladha yake, na imekandamizwa mara nyingine tena. Kanda mbichi ndo yenye kila kitu.

Kabla ya kuingiza kanda ya mtu kwenye kamera mi naanza na kile kidude cha kuteleza nyuma ya kanda, kimeandikwa REC na SAVE. Nakisogeza SAVE. Hata kama sina mpango wa kubonyeza kitu. Halafu naishika kanda kwenye mwanga naangalia kupitia kidirisha. Utepe mzuri ukiuangalia kwa upande umelala laini, mweusi unang'aa. Ile ya kwenye droo ilikuwa na unga mweupe kama vumbi la chaki kwenye kingo, na huo ni ukungu, kwa hali ya hewa yetu ya pwani ni kawaida kabisa. Kanda ya namna hiyo usiiingize kwenye kamera nzuri kabla haijasafishwa, maana ukungu unahamia kwenye vichwa na kutoka hapo unaenda kwenye kanda inayofuata. Zile za kwenye kopo zilikuwa safi.

Halafu kanda iliyokaa miaka bila kuchezwa ipeleke mbele mpaka mwisho na irudishe mpaka mwanzo kabla hujaicheza, utepe ulegee na kujikunja upya sawasawa. Na kama umeitoa kamera kwenye chumba chenye AC ukaipeleka kibarazani saa nane mchana, ikikuandikia kuna unyevu ndani au ikigoma kupokea kanda usiilazimishe, iache wazi imekaa itulie, umande ukauke kwenye ngoma. Utepe unaganda kwenye ngoma yenye maji na ukishaganda unachanika au unajizungushia humo, halafu ndo unaanza kutafuta bisibisi.

Nikaweka kanda ya kwanza ya mama, picha ikaja na mikanda ya mlalo, mkanda mmoja mzima, mkanda mmoja umeganda na picha ya fremu zilizopita, mmoja mzima, mmoja umeganda, kutoka juu mpaka chini. Mtu asiyejua hapo ndo anasema kanda imekufa. Lakini ukikumbuka ile mistari 12 na vichwa viwili, unajua kabisa kichwa kimoja kinasoma na kingine kimeziba. Mstari huu unasomwa, unaofuata hausomwi. Hiyo ni kamera kuumwa, kanda haihusiki. Nikaweka kanda ya kusafishia, ile kavu, sekunde kumi hivi nikasimamisha, maana ile kanda inakwangua na ukiiacha icheze kama sinema unamaliza vichwa. Nikarudisha ya mama, picha imetulia, tena kali, unaona hadi shanga kwenye kilemba cha bibi.

Kukapcha ni kwa muda halisi, kanda ya lisaa ni lisaa, hamna shotikati. Mi huwa nakaa karibu nafanya mengine ila jicho kwenye ile namba ya fremu zilizopotea, ikibaki sifuri mambo mazuri. Ikianza kupanda, mara nyingi ni kompyuta ina kazi nyingine, antivirusi imeamua kukagua diski saa hiyo hiyo, zima kila kitu. Na umeme. Laptopu ina betri yake, umeme ukikatika haishtuki, lakini kamera iko kwenye adapta, inazima kanda ikiwa imezungushwa kwenye ngoma. Kwa hiyo kama kamera yako inakubali adapta na betri kwa pamoja, acha betri iliyojaa mgongoni muda wote. Au UPS ndogo.

Tulipofika kwenye kipande cha mzee, usoni kwake vikaja vimiraba, vile vya kijivu na rangi vinavyorukaruka, sekunde chache tu na sauti ikakwaruza. Hapa ndo uzuri wa DV unapoonekana, na ndo nilitaka mliosoma mpaka hapa mkijue. Kila fremu inajitegemea, haimtegemei jirani kama kwenye MP4, na kila fremu ina taimukodi yake, yaani namba ya muda inayoitambulisha. Kwa hiyo nikarudisha nyuma nikakapcha kile kipande tena, na tena. Kila mara kichwa kinapopita juu ya utepe kinakosea mahali tofauti kidogo, fremu iliyokuja na vimiraba mara ya kwanza inakuja safi mara ya pili, na iliyokuwa safi inaharibika. Unachukua fremu nzima kutoka huku na nzima kutoka kule, unazipanga kwa taimukodi. Siku hizi kuna zana ya bure inaitwa DVRescue inafanya hiyo kazi yenyewe, inasoma makosa yaliyoandikwa ndani ya faili na kuunganisha zilizo bora. Sasa jaribu kufanya hivyo na faili lililotoka kwenye waya wa njano, huwezi, makosa yameshakuwa sehemu ya picha.

Mzee anasema, "Mwanangu, nyumbani kwako mgeni asiondoke bila kunywa hata maji." Mama alikuwa amekaa kwenye stuli pembeni yangu, akasema kumbe alisema maji, sisi tunasemaga chai.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui, tarehe na saa vimo ndani ya kanda, kila fremu, hata kama hukuwasha maandishi ya tarehe kwenye picha. Kwenye kamera nyingi za Sony kuna kitufe cha DATA CODE kinakuonyesha. WinDV inazitumia hizo hizo kukata faili, kila mpiga video alipobonyeza kusimamisha na kuanza tena inaanza faili jipya lenye tarehe na saa kwenye jina. Kwa mtu anayeediti hii ni raha, unakuta tayari vipande vimepangika, saa kumi na mbili bibi harusi anatoka saluni, saa moja na nusu wageni wanaingia. Masharti ni kwamba aliyerekodi aliseti saa ya kamera. Wengine hawakuseti, harusi zao zote zilifungwa tarehe moja Januari.

Mambo ya kuangalia kabla hujachukua kanda ya mtu au kununua kamera ya kuchezea kanda, nayapitisha haraka. Kamera iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani ni NTSC, mfumo wa TV wa huko, na kanda zake kwa kawaida hazitacheza kwenye kamera yako ya PAL. Kanda iliyorekodiwa LP, yaani mwendo wa polepole, ili dakika 60 ziwe 90, mistari yake imebanwa sana, mara nyingi inataka kamera ile ile iliyorekodi. Mapro waliotumia Sony PD170 baadhi yao walirekodi DVCAM, DV ya kimapro, utepe unakimbia zaidi, kanda ya dakika 60 inatoa 40, na zipo kamera ndogo za nyumbani ambazo haziisomi. Za HDV, yaani za picha ya HD, nazo zinatumia kanda hizo hizo lakini ndani ni MPEG-2, nyingi za 1440 kwa 1080, inabidi kamera ya HDV na mipangilio ya i.LINK ikae inavyotakiwa. Wanaouliza kama naweza kuirudisha video iliyoeditiwa kwenye kanda, inawezekana, ila kamera nyingi zilizouzwa Ulaya zilizibwa kuingiza DV kwa sababu ya mambo ya ushuru, zinatoa tu. Aliyezifunga alikuwa anakwepa ushuru wa deki huko kwao, tunaoumia ni sisi wa mtumba huku.

Na wenye kamera za memori kadi, zile za AVCHD zilizoanza 2006, nyie mnadhani hamko humu ila mpo. Msiingie ndani ya folda mkachomoa faili za video za MTS moja moja mkaacha mengine. Kopi folda zima kama lilivyo. Kamera ikirekodi muda mrefu inakata faili lenyewe, na taarifa za jinsi ya kuliunga ziko kwenye mafaili mengine madogo unayoyaona hayana maana. Ukiyaacha, kwenye kiungo sauti inaruka.

Sasa kuediti. Watu wakishapata AVI wanaitupa kwenye programu, wanatoa MP4, halafu wanalalamika picha ina meno kama kitana kila mtu akisogea. Hiyo ni kwa sababu DV ni nusu fremu mbili zilizosukwa pamoja, mistari ya shufwa na ya witiri, zimepigwa kwa nyakati mbili tofauti. Kwenye TV ya chogo ilikuwa haionekani. Kwenye simu inaonekana sana. Iambie programu kwamba mradi ni DV PAL, mistari ya chini inatangulia, na ukitoa uondoe huo msuko, kwenye ffmpeg, programu ya bure, kuna kichujio cha yadif kinatosha kwa wengi, ukiweka kikupe fremu 50 mwendo unabaki laini kama kwenye TV. Usikubali programu ikutolee fremu 25 kwa kutupa nusu ya mistari. Halafu umbo. DV ni pikseli 720 kwa 576 lakini pikseli zake si mraba, picha kwa kawaida ni 4 kwa 3. Wale mnaovuta picha ijae skrini pana ya TV, mnawanenepesha mashangazi wa watu bila sababu, acheni mistari myeusi pembeni ikae. Na sauti, kamera nyingi zilitoka kiwandani zikiwa kwenye biti 12, kilohezi 32, angalia mradi wako usije ukalazimisha 48 kwa programu isiyojua kubadilisha, mdomo na sauti vinaachana taratibu, mpaka MC anapoaga vimeshapishana.

Kwa mama nilitoa vitu viwili. AVI zote mbichi kwenye diski ya nje, na nikamwambia mwanae azikopi sehemu nyingine, zikae nyumba mbili tofauti. Na MP4 kwenye flashi ya kuchomeka kwenye TV. Kwenye MP4 aliomba nipunguze foleni ya zawadi, maana ni ndefu kweli, kila ukoo unapita na kitenge chake na sufuria zake na MC anataja majina yote. Nikapunguza huko, kwenye AVI sikugusa, na haijapita muda kuna shangazi yao yuko Muscat akapiga simu anauliza mbona yeye hayumo, alitoa seti nzima ya vyombo. Yumo. Nikamtumia kipande chake.

Ile kanda ya ukungu bado iko kwangu, nimeiweka kwenye mfuko wenye vile vipakiti vya kukausha unyevu, nasubiri kamera ambayo nikiiharibu sitaumia. Kwa hiyo kama kuna mtu ana Sony VX2100, au ile Panasonic ya begani MD10000, au hata handycam ndogo ya PAL ambayo hairekodi tena, lenzi imepasuka, skrini haiwaki, ila ukiweka kanda inacheza na kitundu cha DV ni kizima, anicheki. Bei tutaelewana.